Shahada Si Ruhusa

Kila Alhamisi nyumba ya Najla ilinukia sukari na limau tangu asubuhi. Mpita njia angedhani mwenye nyumba anapika peremende. Lakini wanawake wa mtaa ule wa Dearborn walijua kinachopikwa. Ilikuwa halawa, sukari ya kutolea nywele za mwilini.

Najla alifundishwa na mama yake kusini mwa Lebanoni, kabla hawajahamia Michigan. Unaweka sukari, maji na juisi ya limau kwenye sufuria. Moto uwe wa taratibu, na jikoni huondoki. Ikiwa bado nyeupe, ni mbichi. Ikigeuka kama chai ya rangi, unaepua. Ukichelewa kidogo tu inakuwa kama kahawa, na hapo umeshaiharibu. Ikipoa unaikanda kwa vidole mpaka inang'aa. Unaibandika juu ya ngozi, unaivuta mara moja, na nywele zinatoka na mizizi yake.

Wateja waliingia kwa mlango wa nyuma. Walikung'uta theluji viatuni, wakashuka ngazi hadi chumba cha chini ya nyumba. Huko palikuwa na kitanda kirefu, taa na birika la kahawa. Palikuwa na vicheko pia.

"Mama Hadi! Leo mkono wako mzito," alilia Hiyam, mwenye duka la nguo. "Umegombana na mumeo, sasa unanimalizia mimi?"

"Nyamaza wewe. Mkono si mzito. Miguu yako ndiyo msitu. Ningekuja na shoka."

"Taratibu basi!"

"Taratibu ndiyo inauma. Vuta pumzi."

Hivyo ndivyo Najla alivyofanya kazi tangu mwanawe Hadi hajajua kutembea. Sasa Hadi alikuwa ameoa na kuhamia mji mwingine. Hakuna aliyewahi kumuuliza Najla amesomea wapi. Mikono yake ilijulikana.

Lakini mteja aliyempenda kuliko wote hakulipa kitu. Alikuwa Lamis, binti wa dada yake Ibtisam.

Lamis aliota nywele kidevuni na shingoni tangu akiwa msichana mdogo. Shuleni wavulana walimwita Baba Lamis. Siku ya kwanza alipoitwa hivyo alikuja mbio kwa mama mdogo wake. Alijifunika uso kwa skafu, hataki mtu amwone. Najla alimlaza kitandani.

"Fumba macho, mama," alimwambia. "Ukifumba macho haiumi sana."

Lamis akafumba. Tangu siku hiyo, kila alipolala kwenye kitanda kile alifumba macho kabla hajaambiwa. Wakati mwingine alisinzia kabisa, huku mama mdogo wake anavuta nywele moja moja kwa kibanio.

Nywele zilirudi kila mara. Lamis akakua, akawa mwalimu wa watoto wadogo, akachumbiwa. Harusi ilipangwa iwe majira ya machipuko.

"Mama mdogo," alisema siku moja, "nikishaolewa, atakuwa ananiona kila asubuhi. Sitaki aamke amkute Baba Lamis."

Alisema kama mzaha. Najla hakucheka.

*

Wakati huo huo wateja walianza kupungua. Hiyam ndiye aliyemweleza sababu, kwa maana Hiyam hakuweza kulala na neno.

"Usikasirike, Mama Hadi. Wasichana siku hizi wanakwenda kwenye leza. Ule mwanga unaua nywele. Hazirudi. Wewe unazing'oa, zinaota. Unazing'oa, zinaota. Unafuga, hutoi."

Wanawake walicheka. Najla naye alicheka, lakini maneno yalimchoma.

Jirani yake wa upande wa kulia alikuwa Bi Loretta Pawlak, mjane wa Kipolandi. Naye kazi yake ilikuwa kutoa nywele. Alitumia sindano nyembamba yenye umeme, nywele moja baada ya nyingine, kwa miezi na miezi. Alikuwa na chumba chake chenye mlango wa barabarani. Wateja wa Najla walimwita "bibi wa sindano". Walisema ukianza kwake ukiwa bi harusi, utamaliza ukiwa na wajukuu. Najla hakuwahi kuingia mle ndani, ingawa walipeana keki na maamuli, vile vibiskuti vya tende, kila sikukuu.

Najla akatafuta njia ya haraka. Alimpata mtu aliyeuza mashine za leza zilizokwishatumika. Mtu huyo alikodi ukumbi wa hoteli, akawafundisha wanunuzi kwa siku mbili. Walionyeshwa kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuongeza nguvu, na namna ya kufuta kioo. Mwishoni kila mmoja alipewa karatasi nene yenye muhuri wa dhahabu. Jina la Najla liliandikwa kwa maandishi ya mapambo.

Alilia kwa furaha. Hakuwa amemaliza shule. Hiyo ilikuwa shahada yake ya kwanza.

Aliitundika ukutani kwenye fremu. Jioni mumewe Abbas aliporudi kutoka kiwanda cha magari, alimshika mkono, akamshusha chini akaione.

"Hongera," Abbas alisema. Aliisoma polepole, mpaka mwisho. "Shahada nimeiona. Ruhusa iko wapi?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya serikali. Kiwandani mimi siruhusiwi kuendesha gari la kunyanyulia mizigo mpaka nipewe ruhusa. Na mimi nabeba vyuma tu. Wewe unabeba ngozi za watu."

"Shahada, ruhusa, si yale yale? Mwenye shahada ndiye aliyeruhusiwa. Njoo ule, chakula kinapoa."

Abbas alipanda ngazi akaenda kula. Baadaye Najla aliikumbuka jioni hiyo mara nyingi. Alikumbuka mpaka chakula chenyewe, dengu na wali, na jinsi mumewe alivyonyamaza.

*

Lamis alikuja Jumamosi mchana. Nje wingu la kijivu lilikuwa limetanda, theluji ya zamani imegeuka tope barabarani. Alipoiona mashine alipiga makofi.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Baba Lamis leo tunamzika."

Lamis alilala, akafumba macho.

Najla alifanya alivyozoea. Kwanza alitaka kusafisha. Alikanda halawa, akaibandika kidevuni na shingoni, akavuta mpaka pakawa pasafi kama kiganja. Ngozi ikawa nyekundu kidogo, kama inavyokuwa siku zote. Hapo ndipo akawasha mashine, akaanzia shingoni. Alifikiri hivi: halawa imeondoa nywele, mwanga utamalizia mizizi. Nguvu akaiongeza, kwa kuwa harusi ilikuwa karibu.

Mwanga ukapiga. Lamis akakunja vidole vya miguu.

"Inauma, mama mdogo."

"Vumilia. Uzuri una gharama yake."

Ukapiga tena. Ukapiga tena. Kisha Najla akasikia harufu. Haikuwa harufu ya nywele iliyoungua. Nywele hazikuwapo. Ilikuwa harufu ya nyama.

Lamis alifumbua macho. Hakupiga kelele. Alimtazama tu mama mdogo wake, macho makavu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani mwake bila hodi.

Shingoni palikuwa na alama za mraba, zimepangana kama vigae. Malengelenge yalianza kuvimba mbele ya macho yao.

Najla alikimbia bafuni, akarudi na dawa ya meno. Akaipaka shingo nzima. Mama yake alikuwa akipaka hivyo mtu akiunguzwa na mafuta jikoni. Lamis aliuma shuka. Sasa ndipo alipolia.

Najla alitoka nje kwa mlango wa nyuma bila koti. Alipiga mlango wa Bi Loretta kwa viganja vyote viwili.

*

Bi Loretta alikuja na ndala za nyumbani juu ya theluji. Aliangalia mara moja.

"Nani kapaka hii?"

"Mimi," alisema Najla.

"Iondoe. Maji ya bomba, ya baridi ya kawaida. Usitie barafu. Usisugue. Acha maji yatiririke yenyewe."

Walimkalisha Lamis bafuni, wakamwinamisha. Maji yakatiririka muda mrefu. Bi Loretta alimshika msichana begani. Mwishowe akafunika jeraha kwa kitambaa safi, kikavu, bila kukibana.

"Dawa ya meno inafungia moto ndani, na inaingiza uchafu," alisema. "Siagi vilevile. Asali vilevile. Kinachotakiwa ni maji, kisha daktari. Funguo za gari langu hizi, twendeni."

Kwenye kliniki muuguzi alimuuliza Lamis ameungua na nini.

"Chuma cha moto cha kunyooshea nywele," Lamis alijibu upesi. "Kiliniponyoka."

Muuguzi aliandika. Najla alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. Sukari ilikuwa bado imekauka kwenye kucha zake. Alielewa kwamba msichana aliyeunguzwa na mikono yake anamfichia siri. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa wao watatu.

Lakini alikumbuka kwamba daktari hutibu kile alichoambiwa.

"Si chuma," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Si chuma cha nywele. Ni mashine ya leza. Nilimfanyia mimi. Na kabla yake nilimtoa nywele kwa sukari."

Muuguzi aliinua kichwa. "Una leseni?"

"Nina shahada."

"Nimekuuliza leseni, mama."

Najla alitazama kucha zake. Muuguzi akafuta alichoandika, akaandika upya, akaenda kumwita daktari.

Ibtisam alifika akiwa bado na aproni ya duka la mikate, unga hadi viwikoni. Alimtazama binti yake. Kisha akamgeukia mdogo wake. Najla alitegemea matusi. Ibtisam alikuwa na ulimi, mtaa mzima uliujua. Lakini alisema maneno machache tu.

"Nilikupa uso wa mwanangu, Najla."

"Dada..."

"Nenda nyumbani."

*

Siku zilizofuata Najla hakupika sukari. Wateja walipiga simu, hakupokea. Hiyam alikuja akagonga mlango wa nyuma, akaita, "Mama Hadi! Hata kama umekufa, toka utuambie!" Najla alikaa gizani chini, akamsikiliza mpaka akaondoka.

Habari za Lamis alizipata kwa Abbas, aliyezipata kwa shemeji yake. Daktari alisema jeraha litapona. Alama nazo? Daktari alisema wasubiri. Huenda zikafifia, huenda zisifutike kabisa. Harusi ilikuwa haisubiri.

Najla alikwenda dukani kwa dada yake mara mbili. Mara ya kwanza Ibtisam aliingia jikoni, asitoke. Mara ya pili alimhudumia kama mteja yeyote, akamfungia mkate, akamwambia "karibu tena", kama anavyowaambia wapita njia. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ndipo alipokwenda kwa Bi Loretta. Aliingia kwa mlango wa barabarani, kama mteja. Kwa mara ya kwanza aliona chumba kile. Kilikuwa cheupe na kidogo. Palikuwa na beseni la kunawia, boksi la glavu, na pipa lenye kifuniko la kutupia sindano. Ukutani, karibu na kioo, ambapo kila anayelala kitandani lazima apaone, palitundikwa karatasi ndogo nyembamba. Haikuwa na dhahabu.

"Hiyo ndiyo leseni?" Najla aliuliza.

"Hiyo ndiyo. Mbaya, eh? Yako ni nzuri zaidi, nimeiona."

Najla alijaribu kutabasamu, akashindwa. Bi Loretta akamvutia kiti.

"Kwetu tuna neno *shahada* na neno *rukhsa*," Najla alisema. "Mume wangu aliniuliza juu ya rukhsa, yaani ruhusa. Nikamwambia ni yale yale."

"Si yale yale. Karatasi yako inasema ulikuwepo ukumbini. Nani kaisaini?"

"Aliyeniuzia mashine."

"Basi muuza mashine kasema unajua mashine. Yeye anataka nini? Anataka kuuza. Leseni inatolewa na jimbo. Jimbo haliuzi mashine. Linataka usome kwenye shule inayotambulika, ufanye saa zake zote. Halafu ufanye mtihani, na wa kukusahihisha asiwe shangazi yako wala muuzaji wako. Kisha mkaguzi anakuja kuangalia chumba chako. Ukikosea, mtu uliyemuumiza ana mahali pa kushtaki. Ndiyo maana ya ruhusa. Haikufanyi uwe bora kuliko wengine. Inakufanya uweze kuulizwa."

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Miaka yote."

"Ndiyo shida yenyewe. Uliaminiwa."

Nje gari la theluji lilipita likikwangua barabara. Walisubiri kelele ziishe.

"Niambie nilikosea wapi," alisema Najla. "Niambie kama mwanafunzi."

"Leza inatafuta weusi. Inapita juu ya ngozi ikitafuta nywele nyeusi, inateremka nayo mpaka kwenye mzizi. Kwa hiyo kabla ya leza mtu ananyolewa kwa wembe, ili mzizi ubaki. Wewe ulimng'oa kwa sukari. Ukaondoa ambacho mwanga ungekishika. Mwanga ukashika weusi uliobaki, na uliobaki ni rangi ya ngozi yake. Tena ngozi imetoka kuvutwa, iko wazi. Na nguvu ukaiongeza."

Najla alifunika uso. Alikuwa amekosea kwa sababu ya usafi. Alikuwa amemsafisha mtoto ili amchome.

"Hakuna aliyenieleza ukumbini."

"Siku mbili hazitoshi kueleza. Na nisikilize vizuri. Mimi nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na leseni ninayo. Lakini leza siigusi. Leseni yangu ni ya sindano. Hapa Michigan leza iko chini ya daktari. Ukienda jimbo lingine utakuta sheria nyingine, lazima uulize huko. Leseni haisemi 'fanya chochote'. Inasema 'fanya hiki, kile waachie wenzako'."

"Na sukari yangu?"

"Nayo inahitaji leseni. Ya kutunza ngozi. Hata jikoni kwako. Hata ukifanya kwa upendo."

Najla alivuta kiti karibu. Kisha akauliza swali lililomleta. "Kidevu cha Lamis. Wewe ungeweza?"

Bi Loretta alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Ningeweza. Ingechukua mwaka, pengine zaidi. Nywele moja moja. Lakini ndiyo. Ningeweza."

Ua mmoja tu ulitenganisha nyumba hizo mbili. Najla alilia pale kwenye kiti cha wateja, na Bi Loretta akamwacha alie.

*

Jumapili Abbas alishuka chini na boksi la vifaa.

"Tunaiuza?" aliuliza. "Kuna mwanamke kule Hamtramck anaitaka."

"Ana daktari?"

"Ana shahada," Abbas alisema.

Najla alitikisa kichwa. Abbas akaifungua mashine skrubu baada ya skrubu, mpaka ikawa lundo la vyuma na nyaya. Hakusema "nilikuambia". Alikuwa mtu wa namna hiyo, na siku hiyo Najla alitamani angesema tu.

Shahada yenye dhahabu aliitoa ukutani mwenyewe. Msumari aliuacha.

Harusi ilifika. Kwao ni kawaida wanawake wakusanyike siku moja kabla ya harusi kumwandaa bi harusi, kwa nyimbo, sukari na hina. Tangu Lamis akiwa mtoto ilijulikana nani atamwandaa. Siku hiyo alimwandaa mwanamke mwingine, kutoka saluni ya Warren Avenue. Najla hakuitwa.

Ukumbini alipewa kiti, maana ni ndugu wa damu. Kilikuwa mbali, karibu na mlango wa jikoni. Lamis aliingia na gauni lenye kola ndefu hadi chini ya masikio, katika joto lile la ngoma na dabke, ile densi yao ya kukanyaga kwa mstari. Watu walisifu gauni. Walisema ni mtindo wa malkia. Najla aliangalia kola tu. Kila Lamis alipogeuza shingo, kitambaa kiliinuka kidogo, na mkono wa Lamis ukakishusha upesi. Bi harusi alicheza usiku ule kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na kazi.

*

Majira ya joto yalipoisha, Najla alianza shule ya utunzaji wa ngozi. Wanafunzi wenzake walikuwa wadogo kuliko mwanawe. Mmoja, mwenye nywele za buluu, aliitwa Kaylin. Alimwita "bibi" siku ya kwanza. Siku ya pili alimwomba amwonyeshe namna ya kukanda sukari.

"Unajua tayari! Umekuja kufanya nini hapa?"

"Najua kuvuta," Najla alijibu. "Sijui nini kilicho chini ya ninachovuta."

Kitabu kilikuwa kizito na Kiingereza chake kigumu. Alijifunza tabaka za ngozi. Alijifunza kumuuliza mtu dawa anazotumia kabla ya kumgusa, kwa maana ziko dawa za chunusi zinazolainisha ngozi mpaka inachubuka. Alijifunza kwamba sukari iliyogusa mtu mmoja haimgusi mwingine. Hapo aliweka kalamu chini. Alikuwa akitumia donge moja kwa mama na binti zake, wote wa nyumba moja, akisema ni kubana matumizi. Alikumbuka vipele ambavyo wateja walimwonyesha, na alivyowaambia ni joto.

Alirudi nyumbani jioni hiyo hana hamu ya kula.

"Acha kama inakuumiza," Abbas alimwambia.

"Isiponiumiza mimi, inawaumiza wao."

Mtihani wa kwanza alishindwa. Alirudia akafaulu. Hakupiga kigelegele. Abbas alimtengenezea mlango mpya wa nje wa chumba cha chini, na beseni la kunawia lenye maji ya moto. Mkaguzi wa jimbo alikuja, mwanamume mpole mwenye kikohozi. Alifungua makabati, akauliza taulo chafu zinakaa wapi, akapima maji kwa kidole. Aliangalia msumari mtupu ukutani.

"Hapo patatosha," alisema. "Itundike panapoonekana."

Wateja walirudi kidogo kidogo. Hiyam aliingia wa kwanza, akasimama mlangoni akashika kiuno.

"Glavu? Maswali? Mama Hadi, nimekuja kutolewa nywele au nimekuja kuomba uraia?"

"Kaa. Unatumia krimu yoyote usoni?"

"Ya siri."

"Siri hiyo ndiyo ninayoitaka."

Hiyam alicheka. Najla alijifunza kucheka naye tena, ingawa kicheko kilikuwa kimepungua kitu, kama sufuria iliyowahi kuungua. Wengine hawakurudi kamwe, na hakuwalaumu. Kila aliyekuja alimwonyesha ukutani kwanza. "Kabla hujalala hapa au kwa mtu yeyote, soma ile," aliwaambia. "Angalia jina. Angalia ni leseni ya kazi gani. Angalia haijaisha muda. Asiyetaka usome, ondoka." Waliomuuliza leza aliwaambia waende kwa daktari. Waliotaka nywele zisirudi kidevuni, aliwaonyesha nyumba ya jirani.

Kwa Bi Loretta ndiko alikosikia kwamba Lamis anakuja pale kila juma, tangu ngozi ilipopona. Nywele moja moja. Bi Loretta hakusema zaidi, na Najla hakuuliza. Alhamisi moja aliona gari la Lamis limeegeshwa mbele ya ua. Aliliangalia mpaka likaondoka.

*

Theluji ya kwanza ya mwaka uliofuata ilipoanguka, mtu aligonga mlango mpya. Hodi ilikuwa ndogo. Najla alifungua.

Alikuwa Lamis, skafu shingoni, chembe za theluji kwenye kope.

"Bi Loretta kaniambia una ruhusa," alisema.

"Ninayo."

"Nataka kuiona."

Najla alisogea pembeni. Lamis alikwenda ukutani. Karatasi ilikuwa ndogo, nyembamba, bila dhahabu. Aliisoma kwa sauti, kama anavyowasomea watoto wake darasani, neno kwa neno. Jina. Kazi. Tarehe ya mwisho. Alipomaliza aliirudia tarehe. Najla alisimama nyuma yake kama mtuhumiwa anayesubiri hukumu, akaona kwamba ni haki yake kusimama hivyo.

Lamis alivua skafu. Kidevu kilikuwa laini. Lakini shingoni alama zilikuwapo bado, mraba baada ya mraba, rangi ya chai. Zilikuwa rangi ile ile ambayo sukari ikiifikia, unaepua.

"Nyusi tu, mama mdogo," alisema Lamis. "Shingo usiiguse."

"Sitaigusa."

"Mama hajui nimekuja."

"Utamwambia?"

"Kama nyusi zitakuwa sawa."

Najla alinawa mikono, akavaa glavu. Aliuliza maswali yote, dawa, krimu, mzio, ingawa alimjua mtoto huyu tangu akiwa kwenye nepi. Lamis alijibu moja baada ya jingine. Kwenye swali la mwisho alitikisa kichwa.

"Umekuwa polisi."

"Nimechelewa kuwa."

Lamis alilala. Macho yake yalikuwa wazi. Yalifuata mikono ya Najla ilipochukua kijiti kipya, ilipokata donge jipya la sukari, ilipolitupa boksi tupu la glavu. Najla hakumwambia afumbe. Neno hilo hakuwa na ruhusa nalo tena. Alisubiri tu, mkono juu ya nyusi, bila kugusa.

"Nianze?" aliuliza.

Lamis alimtazama kwa muda. Kisha akafumba macho.